Henry Wallace na Mbegu ya Mahindi



Ukienda dukani kununua mbegu ya mahindi, utaona mifuko ya namna nyingi. Mingine imeandikwa kuwa ni mbegu chotara. Bei yake ni kubwa kuliko bei ya mahindi ya kula. Muuzaji atakuambia kwamba mbegu hiyo huzaa sana, au kwamba huvumilia ugonjwa fulani. Atakuambia pia usiyatumie mavuno yake kuwa mbegu ya mwakani. Pengine umejiuliza mbegu ya namna hii ilianzia wapi, na kwa nini mkulima alazimike kuinunua kila mwaka.

Katika masomo haya utasoma maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa katika jambo hilo. Jina lake ni Henry Wallace, wa Marekani. Alikuwa mkulima wa mbegu, mhariri wa gazeti, Waziri wa Kilimo na Makamu wa Rais wa nchi yake. Alifariki mwaka 1965. Soma polepole. Ukifika mwisho wa kila somo, simama kidogo ufikiri juu ya shamba lako mwenyewe.

Somo la 1: Mtoto na mwalimu wake

Henry Wallace alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1888 katika shamba la baba yake, jimbo la Iowa. Iowa ni jimbo la katikati ya Marekani. Ardhi yake ni nyeusi na yenye rutuba, na zao lake kubwa ni mahindi. Siku zile mahindi mengi ya huko yalilishwa nguruwe na ng'ombe, kisha wakulima wakauza nyama.

Babu yake aliitwa Henry, na baba yake pia aliitwa Henry. Babu alikuwa mhubiri, halafu akawa mwandishi wa habari za kilimo. Baba alilima, akafundisha katika chuo cha kilimo cha Iowa, kisha akafanya kazi katika gazeti la wakulima ambalo ukoo wao ulilianzisha. Gazeti hilo liliitwa Wallaces' Farmer. Basi mtoto huyu alikulia katika nyumba yenye vitu viwili: udongo na kalamu.

Baba alipokuwa chuoni, rafiki mmoja alikuwa akifika nyumbani kwao. Huyo alikuwa George Washington Carver. Carver alikuwa Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa utumwani. Alipata elimu kwa taabu nyingi, akifua nguo za watu na kupika ili apate ada. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo kile, na baadaye akawa mwalimu wa kwanza mweusi hapo. Alijua sana habari za mimea.

Carver alimchukua Henry mdogo matembezini porini na mashambani. Alimwonyesha maua, majani na magonjwa ya mimea. Alimwonyesha ua la kiume na ua la kike, na jinsi mimea miwili inavyoweza kukutanishwa ili izae mmea wa tatu. Mwaka 1896 Carver alihamia chuo cha Tuskegee, kusini mwa nchi, akafundisha huko mpaka kufa kwake mwaka 1943. Wakati alipoondoka, Henry alikuwa hajatimiza miaka minane. Lakini aliyofundishwa hakuyasahau. Alipokuwa mtu mkubwa serikalini aliendelea kumtaja Carver kwa heshima kuwa ndiye aliyemfungulia mlango wa mimea.

Somo la 2: Hindi zuri na hindi lenye mavuno

Wakati Henry alipokuwa kijana, wakulima wa Iowa walipenda sana maonyesho ya mahindi. Kila mkulima alileta mahindi yake bora mezani. Waamuzi waliyatazama. Walitaka hindi refu, lenye mistari iliyonyooka, lililojaa punje mpaka kwenye ncha, na punje zote ziwe sawa. Aliyeshinda alipata zawadi na sifa. Wakulima wengine walimwendea kununua mbegu kwake, kwa kuwa waliamini kwamba hindi zuri kwa macho ndilo litakalozaa mahindi mengi.

Mwalimu mkubwa wa maonyesho hayo alikuwa Profesa Perry Holden wa chuo cha Iowa. Alikuwa mtu mwenye bidii. Alisafiri kwa treni akiwafundisha wakulima namna ya kuchagua mbegu, na watu walimsikiliza sana.

Mwaka 1904 Henry alihudhuria mafunzo ya Holden. Alikuwa na umri wa miaka 15. Aliona mahindi yanasifiwa, lakini moyoni hakuridhika. Alifikiri kwamba nguruwe hali uzuri wa hindi, hula uzito wake. Je, kuna mtu aliyewahi kupima kama hindi linaloshinda mezani linashinda shambani pia? Holden hakumfukuza wala kumkemea. Alimpa mahindi akajaribu mwenyewe.

Tazama alivyofanya kijana huyu, maana njia yake hata wewe unaiweza. Hakuchanganya punje. Alichukua hindi la kwanza, akalipukuchua, akapanda punje zake katika mstari wake peke yake. Akachukua hindi la pili, akapanda mstari wa pili. Akaendelea hivyo mpaka mahindi yote yakawa na mistari yao. Alipalilia mistari yote sawasawa. Wakati wa mavuno alivuna kila mstari mbali na mwingine, akaupima kwa mizani na kuandika.

Matokeo yaliwashangaza watu. Mahindi yaliyosifiwa mezani hayakuwa ya kwanza shambani. Hindi lililopewa cheo cha juu lilikuwa miongoni mwa yaliyotoa mavuno madogo. Mengine yaliyodharauliwa yalitoa mavuno makubwa. Kijana wa shule alikuwa ameonyesha kwamba jicho peke yake halitoshi. Mizani na daftari ndivyo vilivyosema kweli.

Somo la 3: Kukutanisha koo mbili

Ili uelewe kazi aliyofanya baadaye, lazima kwanza ujue jinsi mahindi yanavyozaa.

Utazame mmea wa mahindi ulioanza kuchanua. Juu kabisa kuna mbelewele. Hilo ni ua la kiume. Hutoa unga mwepesi wa rangi ya njano ambao hupeperushwa na upepo. Katikati ya mmea kuna hindi changa lenye ndevu. Hilo ni ua la kike. Kila uzi mmoja wa ndevu unakwenda kwenye punje moja. Uzi ukipata unga wa njano, punje hujaa. Ukikosa, pale pahali hubaki pengo. Upepo ndio mshenga wa mahindi. Kwa hiyo katika shamba la kawaida kila hindi lina mama mmoja lakini lina baba wengi, na mkulima hawajui hao baba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wachache wa Marekani walianza kumzuia mshenga huyo. Mmoja aliitwa George Shull, aliyefanya kazi New York. Mwingine aliitwa Edward East, wa Connecticut. Walifunika mbelewele na ndevu kwa mifuko. Kisha walichukua unga wa mmea mmoja na kuuweka kwenye ndevu za mmea uleule. Walirudia hivyo mwaka baada ya mwaka. Mimea ikawa midogo na dhaifu kila kizazi, lakini ikawa ya tabia moja, kama watoto pacha. Halafu Shull alikutanisha koo mbili dhaifu za namna hiyo. Watoto wao walikuwa wakubwa, wenye nguvu, na wenye mavuno mengi kuliko hata mahindi ya kwanza. Alieleza habari hiyo mwaka 1908 na 1909.

Lakini palikuwa na kikwazo. Mmea mama ulikuwa dhaifu, ukatoa mbegu chache, na mbegu chache zina bei kubwa. Mwaka 1917 na 1918 Donald Jones wa Connecticut alipata njia. Alitumia koo nne badala ya mbili. Alikutanisha ukoo wa kwanza na wa pili, na ukoo wa tatu na wa nne. Kisha watoto wa pande hizo mbili, ambao sasa walikuwa na nguvu, aliwakutanisha. Mama mwenye nguvu alitoa mbegu nyingi. Bei ikaweza kupungua.

Henry Wallace alimaliza chuo cha kilimo mwaka 1910, akaenda kuandika katika gazeti la ukoo wao mjini Des Moines. Mwaka 1914 alimwoa Ilo Browne. Jioni, baada ya kazi ya gazeti, alishughulikia mahindi katika bustani nyuma ya nyumba yake. Alisoma kazi za Shull, East na Jones. Alifunga mifuko, akapaka unga, akaandika hesabu. Alikuwa mpenzi wa hesabu, na alijifunza mwenyewe njia za kupima kama tofauti ya mavuno ni ya kweli au ni bahati tu.

Pia alisaidia kuanzisha mashindano mapya katika jimbo lake mwaka 1920. Mashindano hayo hayakuwa ya uzuri. Mbegu za wakulima wengi zilipandwa pamoja, kisha mavuno yakapimwa. Mwaka 1924 mbegu chotara ya Wallace iliyoitwa Copper Cross ilipata nishani ya dhahabu. Jina hilo lilitokana na rangi ya punje zake, iliyofanana na shaba. Mbegu yake ilikuwa imezalishwa katika ekari moja tu, na iliuzwa dola 1 kwa ratili, bei kubwa mno kwa siku zile.

Mwaka 1926 Wallace na rafiki zake walianzisha kampuni ya kuuza mbegu chotara. Sehemu ya mtaji ilitoka katika urithi wa mkewe. Baadaye kampuni hiyo iliitwa Pioneer, nayo ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za mbegu duniani.

Somo la 4: Mkulima anataka kuona

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba wakulima wa Iowa waliipokea mbegu hiyo mara moja. Walikuwa na sababu zao. Tangu babu zao walichagua mbegu kutoka ghalani kwao, bila kutoa fedha. Sasa waliambiwa wanunue mbegu, tena wanunue kila mwaka. Zaidi ya hayo, miaka hiyo bei ya mahindi ilikuwa imeanguka vibaya. Wengine walikuwa wakiyachoma mahindi jikoni kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe. Nani angenunua mbegu ya bei kubwa ili avune mahindi yasiyo na soko?

Wauza mbegu waligundua kwamba maneno matupu hayatoshi. Mmoja wao, Roswell Garst, alikwenda kwa wakulima na kuwapa mbegu. Mkulima alipanda nusu ya shamba kwa mbegu chotara, na nusu kwa mbegu yake ya zamani. Baada ya mavuno walipima pamoja. Kama chotara imezidi, mkulima alilipa nusu ya ile ziada tu. Kwa njia hiyo mkulima hakuambiwa aamini. Aliona kwa macho yake na kupima kwa mizani yake.

Mwaka 1934 na 1936 ukame mkali uliipiga nchi. Mahindi ya zamani yalianguka na kukauka. Mahindi chotara nayo yaliumia, lakini mengi yalibaki yamesimama na kutoa chochote. Majirani walipita njiani wakatazama. Mwaka 1933 mashamba ya mbegu chotara katika nchi nzima hayakufika hata 1 katika kila 100. Miaka kumi baadaye karibu mashamba yote ya mahindi ya Iowa yalikuwa ya chotara.

Kwa zaidi ya miaka 60 wastani wa mavuno ya Marekani ulikuwa kama gunia 6 au 7 za kilo 100 kwa ekari. Wallace alipofariki mwaka 1965 wastani ulikuwa karibu gunia 19. Lakini tuwe wakweli. Mbegu peke yake haikuleta mavuno hayo. Mbolea, mashine na palizi nzuri vilichangia pia. Mbegu bora katika shamba lenye magugu ni kama ng'ombe wa maziwa asiyepewa majani.

Somo la 5: Waziri katika siku za taabu

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimteua Wallace kuwa Waziri wa Kilimo. Baba yake naye alikuwa na cheo hichohicho kuanzia 1921 mpaka alipofariki mwaka 1924.

Wallace aliikuta nchi katika taabu kubwa. Mazao yalikuwa mengi, lakini bei haikumlipa mkulima hata gharama zake. Wakulima wengi walifilisiwa na kunyang'anywa mashamba. Wakati huohuo mijini watu walikuwa na njaa kwa kukosa fedha za kununua chakula.

Ndipo mtu huyu aliyetumia maisha yake kuongeza mavuno akalazimika kuamuru mavuno yapunguzwe. Mwaka 1933 pamba iliyokwisha kuota ililimwa ikafukiwa. Nguruwe wadogo kama milioni 6 walichinjwa ili bei ipande. Sehemu ya nyama yao walipewa maskini. Bei ilianza kupanda, lakini watu wengi walikasirika, na Wallace mwenyewe alichukizwa na jambo hilo. Aliona kwamba kuharibu chakula mbele ya wenye njaa ni aibu kwa nchi.

Akatafuta njia iliyo bora. Alikuwa amesoma habari za maghala ya Uchina ya kale, na alijua habari za Yusufu huko Misri, aliyeweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kwa sheria ya mwaka 1938 serikali iliwakopesha wakulima fedha wakati wa mavuno mengi, na nafaka ikawekwa ghalani. Mwaka wa upungufu nafaka hiyo ilitolewa. Mkulima hakulazimika kuuza kwa bei ya kutupa, na mlaji hakukosa chakula. Unaona, basi, kwamba mbegu bora bila ghala na soko humwacha mkulima pale pale.

Siku zile wataalamu wa Wizara yake walikuwa wakipigana na magonjwa pia. Chukua mfano wa mahindi matamu, yale yanayoliwa yangali mabichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa wa kunyauka uliyavamia. Vijidudu vya ugonjwa huo huenezwa na mbawakawa wadogo sana warukao kama viroboto. Baridi ikiwa kali wadudu hao hufa wengi. Baridi ikiwa nyepesi hubaki wengi, na mwaka unaofuata ugonjwa huwa mkubwa. Mahindi matamu yaliyopendwa wakati huo, yaitwayo Golden Bantam, yalikauka shambani. Mtaalamu Glenn Smith, huko Indiana, alitafuta koo zilizovumilia ugonjwa huo, akazikutanisha. Akapata chotara iitwayo Golden Cross Bantam. Ilisimama pale ambapo nyingine zilinyauka, tena mahindi yake yalikomaa kwa pamoja na kwa ukubwa mmoja. Wakulima wa mahindi matamu waliipokea kwa haraka.

Tazama alichofanya Smith. Shamba lililopigwa na ugonjwa ni hasara, lakini pia ni shule. Humo ndimo unapoona mmea upi umekufa na upi umebaki. Mtafuta mbegu hukimbilia pale penye ugonjwa.

Somo la 6: Safari ya Meksiko

Mwaka 1940 Wallace alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Kabla ya kuanza kazi hiyo alisafiri kwenda Meksiko, akiendesha gari lake mwenyewe. Njiani alisimama mara nyingi akaingia mashambani kuzungumza na wakulima. Alikuwa amejifunza Kihispania, kwa hiyo aliweza kusalimiana nao. Aliona watu wanaotegemea mahindi kuliko chakula kingine chochote, lakini wanafanya kazi ya siku nyingi kwa jembe la mkono na kupata mavuno madogo.

Aliporudi nyumbani alizungumza na wakuu wa shirika la Rockefeller, akawaeleza kwamba kuongeza mahindi na maharage ya watu wale kungekuwa msaada mkubwa. Kazi hiyo ilianza Meksiko mwaka 1943. Mmoja wa wataalamu waliojiunga nayo mwaka 1944 alikuwa Norman Borlaug, ambaye alipata Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano. Kutoka kazi hiyo kilizaliwa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, mwaka 1966. Mbegu na wataalamu wa kituo hicho walifika mpaka Afrika Mashariki.

Somo la 7: Miaka ya mwisho

Siasa haikumtendea Wallace kwa upole. Mwaka 1944 wakuu wa chama chake walimwacha, wakamchagua Harry Truman awe mgombea wa Makamu wa Rais. Roosevelt alifariki Aprili 1945, na Truman akawa Rais. Laiti Wallace angebaki katika kiti kile kwa siku chini ya 90 zaidi, angekuwa Rais wa Marekani. Alipewa Wizara ya Biashara, lakini mwaka 1946 Truman alimwondoa kwa sababu walitofautiana juu ya Urusi. Wallace alitaka nchi hizo mbili ziishi kwa amani.

Mwaka 1948 aligombea urais kwa chama kipya. Alipokwenda majimbo ya kusini alikataa kuhutubia mikutano iliyowatenga weusi na weupe. Alikataa pia kulala katika hoteli zenye ubaguzi. Alitupiwa mayai na nyanya mbovu, lakini hakurudi nyuma. Alipata kura kama milioni 1 na laki 1, asishinde jimbo hata moja.

Baada ya hapo alirudi kwenye udongo. Alikaa katika shamba lake katika jimbo la New York, akazalisha mahindi, kuku, maua na stroberi. Njia ileile ya kukutanisha koo aliitumia kwa kuku wa mayai, na kuku wa kampuni yake walienea nchi nyingi. Mwishoni alipatwa na ugonjwa wa kulegea misuli. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima na kuandika, aliandika hata maendeleo ya ugonjwa wake ili waganga wapate kujifunza. Alifariki tarehe 18 Novemba 1965, akiwa na miaka 77.

Somo la 8: Onyo la mwaka 1970

Miaka mitano baada ya kifo chake, jambo kubwa lilitokea. Kutengeneza mbegu chotara kulihitaji watu wengi wa kung'oa mbelewele za mimea mama. Ili kupunguza kazi hiyo, kampuni za mbegu zilianza kutumia ukoo mmoja ambao mbelewele zake hazitoi unga. Ikawa zaidi ya mashamba 8 katika kila 10 ya Marekani yana damu ya ukoo huo.

Mwaka 1970 ugonjwa wa ukungu wa majani ulifika. Aina mpya ya ukungu ilikuwa inaushambulia ukoo huohuo hasa. Upepo na mvua viliueneza kutoka kusini mpaka kaskazini. Nchi ilipoteza karibu sehemu 15 katika kila 100 za mahindi yake mwaka ule mmoja. Mbegu ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa moja mno. Mlango mmoja ukivunjwa katika nyumba yenye mlango mmoja tu, mwizi amekwisha kuingia.

Somo la 9: Yanayotuhusu sisi

Huku kwetu kazi hiyo imefanywa pia. Kitale, nchini Kenya, wataalamu walikutanisha mahindi ya pale na mahindi kutoka Ecuador, nchi ya mbali ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1964 wakatoa mbegu ya H611, ambayo wakulima wadogo wengi waliipokea. Tanzania zilitolewa mbegu za Staha na TMV-1, zinazovumilia ugonjwa wa milia. Ugonjwa huo huletwa na wadudu wadogo warukao, na majani hupata mistari ya rangi ya njano. Mwaka 2011 ugonjwa mpya wa kufisha mahindi ulionekana Bomet, Kenya, na baadaye ukaingia nchi jirani. Husababishwa na virusi viwili vikikutana katika mmea mmoja. Mwaka 2013 kituo kilifunguliwa Naivasha ili kupima mbegu zipi zinauvumilia.

Kumbuka tofauti hii. Staha na TMV-1 si chotara. Mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake kwa misimu michache, akichagua mimea yenye afya, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Mbegu chotara ukiipanda tena, koo zilizokutanishwa huachana. Mingine itakuwa mirefu, mingine mifupi, na mavuno yatapungua. Ndiyo sababu muuzaji alikuambia ununue tena.

Kumbuka pia kwamba hakuna mbegu inayoshinda kila ugonjwa. Panda mapema na jirani zako, mvua zinapoanza. Ng'oa mmea mgonjwa mara unapouona. Msimu mwingine panda maharage au kunde mahali palipokuwa na mahindi. Nunua mbegu yenye mfuko uliofungwa, kwa muuzaji unayemjua, na uhifadhi mfuko na risiti. Panda aina mbili za mbegu badala ya moja, ili ugonjwa usikute shamba lako lina mlango mmoja.

Na kabla ya kuibadili mbegu yako yote, fanya kama kijana yule wa miaka 15. Chukua sehemu ndogo ya shamba. Panda mistari kumi ya mbegu mpya na mistari kumi ya mbegu yako. Siku iwe moja, mbolea iwe sawa, palizi iwe sawa. Vuna kila upande peke yake, pima kwa debe, uandike katika daftari lako la kisomo. Sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Mavuno yako usiyakadirie kwa macho tena.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini hindi lililoshinda mezani halikushinda shambani?
2. Garst aliwafanyaje wakulima wasiotaka kununua mbegu? Je, kijijini kwetu njia hiyo inafaa?
3. Mavuno yakiwa mengi na bei ikaanguka, kijiji kifanye nini?
4. Eleza kwa maneno yako yaliyotokea mwaka 1970. Katika kijiji chetu tunapanda aina ngapi za mahindi?
5. Ni ugonjwa gani wa mahindi uliouona shambani kwako mwaka huu? Je, kuna mimea iliyobaki mizima katikati ya migonjwa? Umeifanyaje?